Grenda ya mezani: kunoa visu, patasi, mapanga na makasi ya zabibu bila kuua makali wala kuumia

#1 Kizota_Chuma

Wakuu, uzi huu ni wa wanaonoa kwa grenda ya mezani, ile yenye mota katikati na jiwe kila upande. Grenda ya mkono tuiweke pembeni kwanza. Mvua zinakaribia, majembe na mapanga yameanza kumiminika kwa mafundi kuanzia Majengo hapa Dodoma mpaka Kibaigwa, na visu vya mabucha ni kazi ya mwaka mzima. Vingi vinarudi kwa mwenyewe vikiwa vinang'aa lakini vimekufa: ncha ina rangi ya bluu, inakata leo, kesho imelala. Naanza na mashine yenyewe, makali tutayafikia.

Zinazouzwa hapa mjini nyingi ni inchi 6 (milimita 150) na inchi 8 (milimita 200). Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota inazunguka takriban mara 2,950 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wa jiwe la inchi 6 unakimbia mita 23 kwa sekunde, wa inchi 8 mita 31. Mawe mengi ya kawaida yameandikwa kikomo cha mita 35 kwa sekunde. Anayevua kava ili jiwe la inchi 10 lienee anafika karibu mita 39. Ameshavuka kikomo na chuma hajakigusa.

Jiwe jipya lisifungwe kabla halijasikilizwa. Lining'inize kwenye kidole au kwenye bisibisi iliyopita tunduni, likiwa kavu na safi, uligonge taratibu kwa mpini wa mbao au plastiki. Gonga sentimita 3 hadi 5 kutoka ukingoni, kwenye digrii 45 kulia na kushoto kwa mstari wa wima, kisha uligeuze la juu liwe chini urudie. Jiwe zima linalia mlio safi unaokaa kidogo. Likitoa mlio wa chungu chenye ufa, livunje kabisa kabla ya kulitupa, maana ukiliacha jalalani kuna mtu ataliokota akalifunge.

Tundu la jiwe liingie kwenye shafti bila kulazimishwa. Usilipanue kwa tupa na usiligonge kwa nyundo. Flenji mbili, zile sahani za chuma zinazobana jiwe kila upande, ziwe na kipenyo sawa, angalau theluthi moja ya kipenyo cha jiwe, na kila upande ikae ile karatasi nene ya duara inayokuja na jiwe. Wengi wanaitoa wakidhani ni lebo tu. Kazi yake ni kusambaza mbano. Bila hiyo flenji inabana kwenye vinundu viwili vitatu na jiwe linapasuka hapo. Nati ya upande wa kushoto ina nyuzi za kinyume, ukiilazimisha kama ya kulia unaiua. Kaza ishike tu, kukaza kupita kiasi nako kunapasua jiwe.

Halafu nafasi. Kiegemeo cha kulazia chombo kisizidi milimita 3 kutoka kwenye jiwe. Ulimi wa juu kwenye kava usizidi milimita 6. Chukua biti ya kutobolea ya milimita 3, chomoa plagi, ipitishe kati ya kiegemeo na jiwe: ikipita kwa kulegea, sogeza kiegemeo. Kisu chembamba au kidole kikivutwa kwenye nafasi ya sentimita moja, hakuna nguvu ya mkono inayowahi kukirudisha. Na jiwe linaisha kila siku, kwa hiyo kipimo hiki hakifanywi mara moja ikawa basi.

Mwisho: rudisha kava, zungusha kwa mkono uone haligusi popote, simama ubavuni mwa mashine, washa, acha izunguke dakika nzima bila kazi. Jiwe lenye kasoro mara nyingi hupasuka kwenye dakika hizo za mwanzo.

Karibuni mkosoe na kuongeza.

#2 Mpita_Njia

Glovu hujataja mkuu. Cheche zinachoma mikono.

#3 Kizota_Chuma

Sikuzitaja kwa makusudi. Glovu za kitambaa au ngozi hazivaliwi kwenye jiwe linalozunguka. Uzi mmoja ukinaswa, mkono unafuata. Cheche za kunoa ni ndogo, zinazimika kwenye ngozi. Kama mkono unaungua ujue chombo chenyewe kimeshapata moto kuliko inavyotakiwa, na glovu ingekuficha hilo. Mikono mitupu ndiyo kipimajoto chako. Cha kuvaa ni miwani ya kinga iliyofunga mpaka pembeni, na kinga ya uso juu yake kama jiwe ni jipya. Miwani ya jua haina kazi hapa. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, khanga au skafu ivuliwe, rasta zifungwe nyuma, kamba ya kitambulisho itoke shingoni.

#4 BuchaSabasaba

Asante fundi. Mimi shida yangu ni visu vya bucha. Ukimpa fundi anarudisha kina makali ya kunyolea, baada ya siku mbili kinabonyea tu kwenye nyama. Kosa ni la kisu au la fundi?

#5 Jiwe_Namba60

Dada Bucha, mara nyingi ni la joto. Ngoja nilieleze kidogo, maana ndipo visu vingi vinapoharibikia.

Kisu cha chuma cha kaboni kiwandani hupashwa mpaka karibu nyuzi joto 800, kikapozwa ghafla, kikawa kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Halafu kinapashwa tena kidogo, kwenye 180 hadi 220, ili kiwe kigumu na kisivunjike. Hiyo hatua ya pili ndiyo inayoamua ugumu wa makali. Ukiwa kwenye grenda ukakipasha kupita hapo, umeirudia hatua ya pili kwa joto kubwa zaidi, na chuma kinalainika. Rangi zinakuambia umefika wapi: njano ya nyasi kavu ni kama 220, kahawia 250, zambarau 275, bluu 300 hivi. Njano hafifu unaweza kuponea. Ukiona zambarau, ile sehemu haitashika makali tena.

Na ncha inaungua kwanza kwa sababu ni nyembamba. Joto la cheche linaingia, halina unene wa kukimbilia. Mgongo wa kisu unaweza kuwa vuguvugu tu wakati makali yameshafika 300. Ndiyo maana fundi anakuapia kwamba kisu hakikupata moto.

Visu vya chuma kisichoshika kutu havina nafuu sana. Vinaonyesha rangi kwa kuchelewa, kwa hiyo kukosekana kwa bluu si ushahidi kwamba kimepona.

#6 Mpita_Njia

Kwani ukiona bluu ukatumbukiza kwenye maji hapo hapo si kinarudi kuwa kigumu? Mhunzi si ndivyo anavyofanya?

#7 Jiwe_Namba60

Hapana mkuu. Mhunzi anatumbukiza chuma chekundu kilichofika karibu 800. Wewe unatumbukiza kilichofika 300. Kupoza kutoka 300 kunazuia joto lisisambae, basi. Ugumu ulioshapotea haurudi. Dawa ni moja: saga taratibu mpaka ile sehemu ya bluu iishe yote, ndipo ujenge makali mapya kwenye chuma kizima. Wakati mwingine ni milimita 2 au 3 za upana wa kisu zinakwenda.

Maji yanasaidia yakitumika kabla. Ndoo ikae karibu na mkono, gusa jiwe sekunde 2 au 3, chovya, gusa, chovya. Matone ya maji yaliyobaki kwenye kisu yakianza kukauka pale karibu na makali, toa.

Kitu kingine ni jiwe lenyewe. Grenda inakuja na mawe mawili ya kijivu, kwa kawaida namba 36 na namba 60. Hayo ni ya kusagia welding na kufuta kingo za vyuma. Ni magumu sana kwa kunolea: punje zikiisha ncha hazidondoki, zinabaki butu zikisugua, na kusugua ndiyo joto. Kwa kunoa tafuta jiwe jeupe, namba 80 au 120. Soma maandishi ya ubavuni. Ukikuta kitu kama WA 80 K V: WA ni aina ya punje, 80 ni ukubwa wake, K ni ugumu wa kushikana, V ni aina ya gundi inayoshika punje, ile ya kuchomwa tanuruni. Herufi za ugumu zinaanzia laini kwenda ngumu kwa kufuata alfabeti. Kwa kunoa chukua kati ya H na K. M na kuendelea waachie wachomeleaji. Jiwe laini linaisha haraka, lakini kuisha huko ndiko kunakotoa punje mpya zenye ncha, na kisu kinabaki baridi.

Jiwe la kijani ni kwa ncha za kabaidi (zile ngumu kuliko chuma cha kawaida) peke yake, kama za biti za zege na visu vya leithi. Ukilitumia kwenye chuma cha kawaida unaliua jiwe bure.

#8 SeremalaNkuhungu

Naongezea: grenda ya kasi ya 2,950 si chombo cha kumalizia makali ya kisu. Ni chombo cha kurudisha umbo. Kisu kina pengo, kimepinda ncha, kimenenepa kwa kunolewa miaka, hapo grenda. Makali ya mwisho ni kinoo cha mkononi. Wale jamaa wenye jiwe la kukanyaga kwenye baiskeli wanaopita mitaani wanaharibu visu vichache kuliko mabanda yenye mashine nzuri, kwa sababu jiwe lao linakwenda polepole na halifiki joto la kuua chuma.

Zipo grenda za mizunguko 1,425 kwa dakika. Kwa mtu anayenoa tu na hasagi welding, hiyo ni bora kuliko kuongeza ukubwa.

#9 BuchaSabasaba

Sasa mnipe hatua. Nina kisu cha kuchuna na cha kukatia minofu, na kijana wa kuvinoa yupo.

#10 Kizota_Chuma

Dada, mwambie kijana hivi.

Kwanza apake rangi ya maka peni kwenye makali yote, pande mbili. Rangi itakayofutika itamwonyesha jiwe linagusa wapi. Bila hiyo anabahatisha.

Pembe. Kisu cha minofu digrii 15 hadi 18 kila upande, cha kuchuna kama 20, cha kugonga mifupa 25 hadi 30. Hakuna haja ya kifaa cha kupimia pembe: ubapa wa kisu ukiwa na upana wa milimita 40, kuinua mgongo milimita 10 kutoka kwenye jiwe bapa ni digrii 15, na kuinua milimita 14 ni digrii 20. Akate kipande cha mbao cha unene huo kwa ajili ya kwenye kinoo, na mkono ukikumbuka pembe hiyo aipeleke kwenye grenda.

Apitishe kuanzia kwenye mpini kwenda nchani kwa mwendo mmoja usiosimama. Akisimama mahali, anachimba shimo na kuunguza. Karibu na ncha apunguze mkandamizo na aongeze mwendo. Pasi moja upande huu, chovya, pasi moja upande wa pili, chovya.

Aache pale makali yanapobaki na unene wa karatasi nene, kama robo ya milimita. Asiyafikishe sifuri kwenye grenda. Robo hiyo inamalizwa kwenye kinoo chenye sura mbili, upande wenye punje kubwa kwanza, mpaka ahisi kiuzi cha chuma (ule ukingo mwembamba unaojikunja kwenye makali) upande wa pili akipitisha dole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Kiuzi kikionekana urefu wote wa kisu, ageuze anoe upande mwingine mpaka kihamie. Halafu sura laini ya kinoo, mkono mwepesi, pasi chache kila upande kwa kupokezana. Kiuzi kisichoondolewa ndicho kile kinachokata kama wembe leo na kukunjika kesho. Kwa hiyo lile tatizo lako la siku mbili lina sababu mbili, joto na kiuzi, na zote zinaweza kuwa kwenye kisu kimoja.

Wakati wa kazi, chuma cha kusugulia, kile cha mviringo cha wachinjaji, kinanyoosha makali yaliyolala. Hakinoi. Kisipofua dafu tena, ndipo urudi kwenye kinoo.

Visu vya meno kama vya mkate na visu vya kauri visiguse jiwe hilo.

#11 Mpita_Njia

Makali yaangalie juu au chini ukiwa mbele ya jiwe? Kila fundi ana lake.

#12 SeremalaNkuhungu

Uso wa jiwe unaokutazama unashuka. Makali yakitazama juu, jiwe linakuja kuyapiga uso kwa uso: linakata safi, kiuzi ni kidogo, lakini kisu kinaweza kuchimba na kurushwa. Makali yakitazama chini, jiwe linayaacha nyuma: kiuzi ni kikubwa, hatari ni ndogo. Kwa patasi iliyolala juu ya kiegemeo, juu. Kwa kisu kirefu au panga linaloshikwa kwa mikono bila kiegemeo, chini.

Lakini kwenye gurudumu la kitambaa au la ngozi la kung'arishia hakuna hiari. Makali yatazame chini siku zote, na uguse chini ya katikati ya gurudumu. Ukiyageuza juu kitambaa kinakunja kisu na kukutupia tumboni.

#13 MzabibuHombolo

Wakuu, huku mizabibu inapogolewa mara mbili kwa mwaka na makasi ya kupogolea yanabutuka kabla shamba halijaisha. Naona watu wanayapeleka grenda, yanarudi yanatafuna tawi badala ya kukata. Kwa nini?

#14 SeremalaNkuhungu

Kwa sababu wamenoa pande zote mbili za ubapa. Yale makasi ya midomo inayopishana yana ubapa mmoja wenye mteremko upande wa nje, na upande wa ndani ni bapa kabisa ili upite ukisugua ule mdomo wa ndoano. Ukisaga ule upande bapa hata nusu milimita, inaachwa nafasi kati ya midomo miwili, na tawi linaingia humo likikunjika. Ndiko kutafuna kwenyewe. Makasi ya namna hiyo hayaponi kirahisi, kwa sababu utalazimika kusaga upande bapa wote mpaka mwanzo wake.

Fungua bolti, tenganisha, osha utomvu kwa mafuta ya taa. Mteremko wa nje peke yake unolewe kwa kinoo kidogo cha mkononi, digrii 20 hadi 25, ukifuata pinda lake kutoka ndani kwenda nje. Upande bapa ulazwe kabisa kwenye kinoo laini upitishwe mara mbili tatu, kuondoa kiuzi tu. Mdomo wa ndoano haunolewi. Ukirudisha bolti, kaza hadi midomo isichezecheze lakini ikifunguliwa ijiachie kwa springi. Makasi mengi yanayosemekana ni butu yamelegea bolti tu.

Grenda hapo ina kazi moja: pengo kubwa lililotokana na kukata waya wa kamba za mzabibu. Na hata hapo ni jiwe namba 120, mguso na maji.

Ukitoka kwenye mzabibu wenye ugonjwa, futa kwa spiriti kabla ya kuhamia mwingine. Hilo halihusu makali lakini maadam tupo.

#15 MzabibuHombolo

Shukrani mkuu. Ule upande bapa ndio waliokuwa wanausaga, nimeuona.

#16 Umeme_Ipagala

Mmesahau umeme. Grenda ya inchi 6 ni wati 150 hadi 370, inaonekana ndogo, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hiyo. Ukiiunganisha kwa ekstensheni nyembamba ya mita 30 ya taa, volti zinashuka, mota inaunguruma na kuchelewa kushika kasi. Nguvu ya mota ya aina hii inashuka kwa mraba wa volti: umeme ukishuka kutoka 230 hadi 190, inabaki na kama asilimia 68 ya nguvu yake. Fundi anaona mashine inalegea, anakandamiza zaidi, mota inachemka na kisu nacho kinachemka. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, mfupi, na kama ni wa kuzungusha kwenye roli ufungue wote.

Mashine ikiunguruma bila kuzunguka, zima ndani ya sekunde chache. Mara nyingi ni kapasita au jiwe limekwama. Usilisukume kwa mkono ili liamke. Kuna watu wamezoea, na jiwe linapoamka kidole kipo kati yake na kiegemeo.

Plagi iwe ya pini tatu na waya wa eathi uwe umefungwa kweli kwenye bodi ya mashine. Plagi ya pini mbili kwenye mashine ya bodi ya chuma, karibu na ndoo ya maji, sakafu yenye maji: maliza mwenyewe.

Na hili la hapa kwetu: umeme ukikatika, zima swichi hapo hapo. Swichi nyingi za bei nafuu zinabaki kwenye "washa", umeme ukirudi mashine inaanza yenyewe wakati mtu ameinama anabadilisha jiwe. Kubadilisha jiwe ni plagi nje, siyo swichi tu. Ukizima, jiwe linaendelea kuzunguka kwa muda. Subiri lisimame lenyewe, usilizuie kwa kipande cha mbao ubavuni.

#17 Mpita_Njia

Kuna banda nimeona mota ya pampu ya maji imefungwa shafti na jiwe, inanoa vizuri tu. Hakuna kava.

#18 Kizota_Chuma

Inanoa vizuri mpaka siku jiwe litakapopasuka. Kava la chuma limewekwa kwa ajili ya sekunde hiyo moja. Kama mtu hana jinsi, afunge angalau kava la bati nene la milimita 3 linalozunguka robo tatu ya jiwe, na kasi ya mota ilingane na maandishi ya jiwe.

Afadhali nigusie na hili la grenda ya mkono, maana ni ndugu yake. Diski ya inchi 9 kwenye grenda ndogo ya inchi 4 na nusu: mashine inakwenda mizunguko 11,000 kwa dakika, diski imeandikwa kikomo cha mita 80 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo ukingo wake unafika mita 132. Anayevua kava ili iingie hana tofauti na anayeshika bomu.

Mabanda yenye vijana wa kazi yajue pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Miwani isikatwe kwenye mshahara wa kijana.

#19 SeremalaNkuhungu

Patasi na visu vya randa, kwa maseremala.

Pembe ya kusaga ni 25, ya kumalizia kwenye kinoo ni 30. Hakuna haja ya kupima digrii, pima urefu wa mteremko. Ukiwa mara 2 ya unene wa patasi ni digrii 30. Ukiwa mara 2.4 hivi ni digrii 25. Patasi ya unene wa milimita 4 inataka mteremko wa milimita 9 na nusu.

Kabla ya kusaga, rudisha ukingo uwe mraba: chora mstari kwa skwea mgongoni mwa patasi, isimamishe ikielekea moja kwa moja kwenye jiwe, saga ncha mpaka mstari, makali yawe butu kabisa. Inaonekana ni kuharibu, lakini ncha butu ina unene wa kubeba joto, na utaona mstari mweupe wa mwanga kwenye makali unaopungua kadiri mteremko unavyokaribia. Mstari ukibaki mwembamba kama unywele, acha. Halafu inamisha kiegemeo kwenye pembe yako, laza patasi, kidole cha shahada kiguse ukingo wa mbele wa kiegemeo kiwe kizuizi, telezesha kulia na kushoto kwa upana wote wa jiwe. Ukikaa katikati tu unachimba mfereji kwenye jiwe, na mfereji huo utaviharibu vyombo vyote vitakavyofuata.

Mteremko utatoka na bonde kidogo kwa sababu jiwe ni duara. Hilo ni faida. Kwenye kinoo patasi inakaa kwa nukta mbili, kisigino na ncha, haichezi. Mgongo wa patasi unolewe bapa kwenye kinoo peke yake; usiupeleke kwenye grenda hata siku moja.

Karakana ya seremala ina maranda. Cheche zinaweza kukaa ndani ya rundo la maranda zikifuka taratibu bila kuonekana. Grenda ikae mbali nayo, na ufagie kabla hujanoa.

#20 Jiwe_Namba60

Biti za kutobolea: zile za hai-spidi hazifi kwa rangi ya bluu, zinavumilia mpaka karibu nyuzi joto 550. Kwa hiyo usiogope rangi, ila usizitumbukize kwenye maji zikiwa na moto mkali, zinapata nyufa ndogo usizoziona. Ziache zipoe hewani. Ncha ni digrii 118 kwa jumla, yaani 59 kila upande kutoka kwenye mhimili, na nyuma ya makali kushuke digrii 8 hadi 12. Biti isiyoshuka nyuma inasugua bila kukata, hata ukiikandamiza na uzito wako wote. Midomo miwili iwe na urefu sawa. Mmoja ukiwa mrefu, tundu linakuwa pana kuliko biti na biti inatetemeka.

Tindo la kugonga: ncha digrii 60 hadi 70. Na kichwa chake kikichanua kama uyoga, kisage kabla ya kazi nyingine yoyote. Vile vipande vilivyochanua huruka vikigongwa, vinaingia mwilini.

Mapanga na majembe hayataki haya yote. Panga digrii 25 hadi 30, jiwe namba 60, upande wa nchani ukiwa mwembamba kidogo kuliko karibu na mpini. Jembe lifuate mteremko ulioko, upande ule ule, na kama ni la kwenda shambani tupa bapa linatosha na unaweza kulibeba.

#21 BuchaSabasaba

Vumbi lake lina madhara? Banda la kijana lina mlango mmoja.

#22 Jiwe_Namba60

Lina. Mawe haya ya kiwandani ni ya aluminiamu oksidi, hayana hatari ile ya mawe ya mchanga wa asili ambayo vumbi lake liliua mapafu ya wanoaji wengi zamani. Lakini vumbi la chuma na gundi bado halifai mapafuni. Avae barakoa ya vumbi inayobana pua, ile ya kitambaa haizuii vumbi jembamba, na mashine isogezwe mlangoni upepo ukitoka mgongoni mwake. Jiwe la kijani na kabaidi ni baya zaidi. Mabati ya zinki yasisagwe ndani kabisa, mvuke wake unaleta homa.

Kipande cha chuma kikiingia jichoni, asichokoe kwa njiti wala ncha ya leso. Kikikaa kinaacha duara la kutu kwenye mboni ambalo nalo linahitaji kuondolewa, kwa hiyo hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua.

#23 Mpita_Njia

Jiwe langu limekuwa leusi linang'aa, halikati, na lina vidoa vyeupe. Litupwe?

#24 Kizota_Chuma

Vidoa vyeupe ni alumini. Kuna mtu amesagia sufuria au fremu ya dirisha hapo. Alumini, shaba na mbao haviguswi kwenye jiwe hili: vinaziba vinyweleo, jiwe linachemka, alumini iliyonaswa inatanuka na kulipasua. Vumbi lake likikutana na cheche za chuma linawaka pia.

Chomoa plagi, litoe, ligonge usikilize kama lina ufa. Kama ni zima, lifunge, washa, simama pembeni, ulinyooshe kwa dresa ya magurudumu ya nyota au ya almasi. Dresa ilale juu ya kiegemeo, iguse kidogo, ipitishwe kulia na kushoto mara chache kwa mwendo sawa mpaka uso uwe na rangi moja na ukwaruze kidole likishasimama. Dresa ya nyota inarusha vipande, kwa hiyo kinga ya uso ni lazima. Usinyooshe kwa kipande cha jiwe jingine ulichoshika mkononi.

Vidoa vikiwa vimeingia ndani zaidi ya milimita 3, au jiwe la inchi 6 limebaki sentimita 10, nunua jingine. Kwa kipenyo hicho ukingo unakwenda mita 15 tu kwa sekunde, punje zinadondoka ovyo na utakuwa unakandamiza bure.

#25 MamaCherehani_AreaC

Na mkasi wa kukatia vitambaa?

#26 SeremalaNkuhungu

Mama, mkasi wa kitambaa usiupeleke kwa grenda ya kasi. Fungua skrubu kama inafunguka, ubapa wa ndani usiguswe kwa namna yoyote, kwa sababu umeachwa na bonde jembamba ili midomo igusane nukta moja inayotembea kutoka nyuma kwenda mbele. Kinachonolewa ni ule ukingo wa juu, mteremko wenye digrii 70 hadi 80, kwa kinoo laini, kwa kuelekea ncha, pasi kama tano zenye uzito sawa kwa kila ubapa. Kiuzi kinatoka chenyewe ukifunga mkasi polepole mara moja bila kitambaa. Ukishakaza skrubu, kata kitambaa chepesi kilicholowa: kikikatwa mpaka nchani bila kukunjika, umemaliza, kikikunjika nchani, kaza skrubu robo mzunguko kabla hujarudi kwenye kinoo.